Morogoro itutengee chumba cha kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie habari mliyochapa kuhusu vijana wanaohama Dar es Salaam na kufanyia kazi zao Morogoro kwa mtandao. Mimi ni mmoja wao. Naishi Kihonda, natunza hesabu za wateja walio Dar, na tangu treni ya SGR ianze safari Juni 2024, wakinihitaji ana kwa ana nafika ndani ya saa mbili. Enzi za basi, foleni ya Kimara peke yake ilitosha kukumalizia asubuhi.

Tatizo ni umeme. Juzi ulikatika nikiwa katikati ya kikao cha video. Nilikimalizia nimesimama kwenye kibanda cha wakala wa fedha, simu imechomekwa kwenye sola yake, jogoo naye akichangia hoja. Mteja alicheka, lakini kazi iliyofuata hakunipa.

Naishauri Halmashauri ya Manispaa itenge chumba kimoja katika Soko Kuu la Chifu Kingalu, lile jengo la ghorofa lililozinduliwa 2021, kiwekwe jenereta na intaneti ya uhakika, nasi tulipie kwa saa. Hata shilingi 2,000 sitalalamika.

Mkazi mpya,
Kihonda, Morogoro.