Sponji ya godoro haifai kuzuia kelele za gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na mafundi wa viti na dari za magari hapa Mtwara, pamoja na wenye magari wanaowapa kazi. Mwenye Hiace akilalamikia ngurumo ya injini, ambayo kwa gari hilo iko chini ya viti vya mbele, fundi hutandika sponji ya godoro chini ya kapeti na nyingine akaibandika darini, kwa kuwa inapatikana kila duka na bei yake haiumizi.

Sikatai kwamba sponji hunyonya sauti, kwani hewa inayotikiswa na sauti husuguana na kuta za vitundu vyake na nguvu yake ikageuka joto dogo. Lakini sponji nyembamba hunyonya mawimbi mafupi tu ya sauti: sauti nyembamba ya mitetemo 1,000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 34 hivi, ilhali ngurumo ya mitetemo 100 ina wimbi la zaidi ya mita 3, na sponji ya sentimita 2 haiigusi. Dawa ya ngurumo ni kubandika mkeka wa lami kwenye bati lenyewe lisitetemeke, juu yake felti, yaani kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa, kisha mpira mzito.

Halafu kuna maji. Msimu wa mvua, funua kapeti la gari la abiria ubonyeze sponji kwa kidole gumba: maji yatachuruzika, na bati chini yake utalikuta limeliwa na kutu. Felti ya poliesta hukauka upesi, kwa sababu nyuzi zake hazinywi maji. Wapo wanaopendekeza usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, maana makumbi tunayo tele, na ni kweli kwamba usumba uliogandishwa kwa utomvu wa mpira ulijaza viti vya magari ya Ujerumani kwa miaka mingi. Ila usumba mkavu, usiotiwa dawa ya ukungu wala ya moto, mimi nisingeuweka.

Linalonitisha zaidi ni moto. Kanuni namba 302 ya Marekani, inayotumika tangu 1972, inataka vitu vya ndani ya gari visiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Sponji isiyotiwa dawa huwaka upesi, hudondosha matone ya moto, na moshi wake una sumu ya sianidi. Nasi tunaibandika juu ya vichwa vya abiria! Wenye maduka waseme bidhaa ipi imepimwa kwa moto, na fundi asiyeambiwa asiinunue kwa ajili ya dari.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara