Mwanangu, zile chupa kwenye picha

Mwanangu,

Salamu zako mama yako amenipa, marahaba. Nimeamua kuandika maana kwenye simu ukishasema "sawa baba" najua tayari umeniweka spika unaendelea kumenya vitunguu.

Ile picha uliyoweka wasapu juzi nimeiangalia sana. Sabuni imetoka vizuri, nzito, haijakatika, mimi miaka ile ya kikundi cha sabuni sikuwahi kuipata hivyo, na mama yako amewaonyesha wenzake wa jumuiya mpaka chaji ikaisha. Lakini zile chupa. Nimehesabu 11, tisa za maji ya kunywa na mbili za soda, umezipanga chini sakafuni pembeni ya jiko, na sabuni yenyewe umeitia rangi ya chungwa. Nani alikwambia sabuni ya nepi inataka rangi?

Usinijibu kwamba mtoto hata kugeuka hajui. Kuna kaka yake wa miaka 3 hapo, anafungua kila kitu, na wiki ijayo siku zako 84 zinaisha unarudi kazini, nyumbani anabaki dada ambaye ulipokuwa unakoroga hiyo sabuni alikuwa hata hajafika Arusha, atajuaje chupa ipi ni maji na ipi umebakizia kostiki, ile soda kali ya sabuni inayounguza? Habari ya mdogo wako sirudii, ulikuwepo. Ila Jumapili alikuja kula hapa, nyama ya kwenye ndizi bado anaikata vipande kama punje za mahindi. Ana miaka 26.

Sasa kuhusu sabuni. Hiyo ya maji, ya salfoniki na slesi ya kutoa povu, dekia, oshea vyombo, uza, lakini nepi za mtoto usifulie. Ile fomalini inayotiwa isiharibike, na pafyumu, ngozi ya mtoto mchanga mara nyingi inavikataa, na huo upele wa mapajani mimi ningeanzia hapo kabla ya kulaumu maziwa ya mama. Alafu salfoniki ni asidi, soda ashi ya kuipoza isipotosha inabaki kali na kwa macho huoni kitu mpaka upime na kile kikaratasi kinachobadilika rangi. Ulipima? Mtu nimemsomesha kemia mpaka form six kwa kahawa ya kihamba hiki halafu anapima sabuni kwa kidole.

Ya mtoto tengeneza ya kipande, bila rangi bila harufu. Kilo 1 ya mafuta ya nazi, kostiki gramu 175 mpaka 180 usipitishe, maji gramu 350, vyote kwa mzani, kikombe weka pembeni. Kostiki ndio unaitia kwenye maji kidogo kidogo, ukigeuza ukamwaga maji juu ya kostiki inachemka inakurukia usoni. Na sio kwenye sufuria, sufuria zetu ni alumini, kostiki inaitafuna huku inatoa gesi inayowaka, tumia ndoo nzito ya plastiki, fanyia nje, glovu na miwani, watoto wakiwa kwa jirani. Ikishaganda ikate uiache wiki 4. Ndio unaikwangua, unafulia na kijiko cha soda ashi kwenye ndoo ya maji. Soda ashi, sio kostiki, nasema hivi kwa sababu dukani zote zinapimwa kwenye mfuko wa nailoni, zote nyeupe, na zote wanaziita soda. Soda ashi ni ndugu na magadi ya Ziwa Natron. Kostiki haina ndugu.

Maji ya kisima hapo kwenu yakigoma kutoa povu ujue yana chokaa, sabuni inashikana nayo inaganda kwenye nyuzi na nepi inakuwa nyeupe safi kumbe hainywi mkojo. Chukua nepi kavu, dondoshea tone moja la maji. Likizama hapo hapo sawa. Likikaa juu linaviringika kama umande kwenye jani la gimbi, iloweke kwenye maji ya moto na soda ashi bila sabuni, uisuuze mpaka povu liishe kabisa. Na zile dawa za kulainisha nguo zinafanya hayo hayo, acha.

Halafu zile chupa, zimwage leo. Wewe umekua ukijua kwamba ile chupa aliyonywea mdogo wako ilikutwa kwenye kapu la mama yako la sokoni. Kukutwa kwenye kapu lake haina maana yeye ndiye aliijaza. Hajawahi kusema, basi nimesema mimi. Na kumtapisha pia ilikuwa kosa, tuliambiwa baadaye, ile kitu inaunguza ikishuka na ikirudi inaunguza tena. Ikitokea, Mungu aepushe, dada amsukutue mdomo kwa maji, asimtapishe, asimpe limao wala siki, akimbie hospitali na chupa yenyewe mkononi. Mwandikie ubandike ukutani.

Mama yako alitaka kukutumia nepi zenu za zamani, nimemkatalia, zimelala sandukuni na vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende. Kuna watoto wana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, harufu ya vile vidonge tu inavunja chembe nyekundu wanageuka njano mpaka macho. Amenuna kidogo. Goti lake linaendelea vizuri, ng'ombe amezaa dume tena, na luku ya kule nyuma mpangaji bado hajalipa.

Kesho nampa konda wa kosta mkungu wa mshare, upokee saa 9 stendi. Kwenye gunia hilo hilo kuna ndoo mbili za rangi zenye mifuniko, nimeziosha na kuzichora fuvu kwa rangi nyekundu. Nilitaka kutuma madumu ya njano mama yako akaniuliza, hayo si ya mafuta ya kula? Mifuniko inafunguka kwa bisibisi tu. Bisibisi pia nimeweka, iweke juu ya kabati.

Baba yako