Kuinua pua ya pikapu hakuishii kwenye spana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kazi ambayo wenye pikapu wengi hapa Dar es Salaam wanaifanya siku hizi, nayo ni kuweka spesa, yaani vipande vya kuongezea kimo, juu ya shokapu za mbele ili pua ya gari ipande na ilingane na nyuma. Ubishi ninaousikia kila mara ni kama mwenye gari afunge mwenyewe nyumbani kwake au alipe gereji. Nimefanya yote mawili, na nimeona kwamba ubishi huo unaishia kwenye kukaza bolti, ilhali sehemu kubwa ya kazi huanza gari likishashushwa kwenye jeki.

Mara ya kwanza nililipa gereji. Mafundi walikuwa wepesi, na baada ya saa mbili hivi niliondoka nimeridhika. Haikupita miezi miwili tairi za mbele zikawa zimelika upande mmoja, usukani unavuta kushoto, na kila nikipanda tuta nasikia mlio chini ya miguu. Fundi mwingine aliyenifungulia gari alinionyesha bushi, yaani kiungo cha mpira, ya mkono wa chini unaoshikilia tairi, ule tunaouita wishboni, mpira wake ukiwa umechanika. Bolti yake ilikuwa imekazwa wakati tairi zinaning'inia, kwa hiyo gari liliposhuka mpira ulijinyonga na kubaki hivyo, kisha kila tuta likaendelea kuuchana. Bolti hiyo inatakiwa kukazwa mwisho kabisa, tairi zikiwa zimekanyaga ardhi na kubeba uzito wa gari. Ni kazi ya dakika chache, lakini mteja aliyekaa kwenye benchi akisubiri hawezi kujua kama imefanyika au imerukwa.

Mara ya pili ilikuwa pikapu ya kaka yangu, na tuliifunga wenyewe nyumbani Tabata kwa Jumamosi nzima. Spesa tulizotumia hukaa juu ya kichwa cha shokapu na kushikwa kwa nati tatu, na springi inayoizunguka shokapu haiguswi hata kidogo. Nati kubwa iliyo katikati ya kichwa hicho ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na mtu akiifungua bila kibanio maalumu, springi hufyatuka kwa nguvu inayoweza kuua. Kwa sababu hiyo, spesa za aina nyingine, zile zinazoingia kati ya springi na kikombe chake, nasema bila kusita kwamba zisifanyiwe majaribio nyumbani. Hata kwa spesa zetu tulisimamisha gari juu ya stendi za chuma, kwa kuwa jeki inaweza kuteleza na tofali la saruji hupasuka bila kutoa dalili, na tulihakikisha kwamba mpira wa breki haubebi uzito wa kitovu cha tairi kinapolegea.

Mnunuzi pia ajue kwamba unene wa spesa si kimo ambacho gari litapanda. Katika pikapu nyingi shokapu hukaa katikati ya mkono wa chini, hivyo spesa ya milimita 25 huinua gari karibu milimita 50. Nimewaona watu wakichukua Kariakoo spesa ya milimita 50 wakidhani wataongeza milimita 50, kumbe wananyoosha boljointi (viungo vya duara vinavyounganisha mikono na kitovu cha tairi) na viungo vya shafti kupita kiasi. Baada ya kufunga, alaimenti, yaani kupima na kurekebisha mwelekeo wa tairi, ni lazima, kwa sababu mkono ukibadilisha pembe, tairi nazo hubadilisha mwelekeo.

Jambo linaloniumiza zaidi, na ambalo gereji na wenye magari wanalisahau kwa pamoja, ni taa. Taa za chini kwa kawaida huelekezwa zishuke kama sentimita moja kwa kila mita. Chukua pikapu ambayo kutoka tairi ya mbele hadi ya nyuma ni mita tatu hivi, uinue pua yake sentimita tano, na mwanga utapanda zaidi ya sentimita moja na nusu kwa kila mita. Maana yake ni kwamba taa ya chini haishuki tena, bali inatazama juu. Umbali wa mita 30 mwanga utakuwa umepanda nusu mita kutoka pale ulipokuwa unapiga awali, na kadiri unavyokwenda mbali unazidi kuyafuata macho ya dereva wa bodaboda anayekuja kutoka Kibaha usiku. Tena kiwanda kilikuwa na sababu ya kuacha nyuma juu: ni kwa ajili ya mzigo. Pikapu iliyosawazishwa ikipakiwa mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, yaani tani moja, hukalia mkia, usukani huwa mwepesi, na taa hupanda zaidi. Anayebeba mzigo kila siku ningemshauri aiache pikapu yake kama ilivyotoka kiwandani.

Pale Tabata, kabla hatujagusa nati yoyote, tuliegesha gari mita tano kutoka ukutani, mahali tambarare, tukawasha taa za chini na kuchora kwa chaki pale mwanga unapokatika. Jioni tulirudisha gari palepale. Mwanga ulikuwa juu ya ule mstari kwa zaidi ya upana wa kiganja. Kwa kuwa taa zenyewe zilikuwa zimepanda sentimita tano, tulichora mstari wa pili sentimita tano juu ya ule wa kwanza, kisha kwa bisibisi, kwenye skrubu iliyo nyuma ya kila taa, tukateremsha mwanga hadi hapo.

Nawaomba wenye gereji wanaofanya kazi hii wachore mstari kama huo kwenye ukuta wao, na wamkabidhi mteja karatasi ya vipimo vya alaimenti pamoja na ufunguo wa gari. Anayefunga mwenyewe naye asiingie barabarani usiku kabla hajateremsha taa zake kwa mstari kama huo.

Mwenye pikapu,
Tabata, Dar es Salaam