Stima ya mayatima: someni mita kabla hamjalipa

Mhariri,

Naomba uitoe hii barua manake huku Malindi kuna vituo vingi vinalipa bili za stima kimya kimya kwa kuogopa kukatiwa. Mimi husaidia hesabu kwenye kituo kimoja cha mayatima huku Maweni, kwa kawaida stima yao haipiti elfu 12 kwa mwezi, juzi ikaja bili ya elfu 82! Mama msimamizi keshaanza kupigia wafadhili simu aombe mchango, nikamwambia mama, ngoja kwanza tuiangalie mita.

Bili inasema mita imefika 48,210. Kwenda ukutani, mita yenyewe iko 45,870 (namba nyeusi tu, ile nyekundu ya mwisho haihesabiwi). Yaani tumelipishwa yuniti 2,340 ambazo hata hazijapita kwenye waya, yuniti hewa kama wale wafanyakazi hewa, na kila moja imebebeshwa gharama ya mafuta ya kuzalisha stima na VAT ya 16% juu yake. Msomaji mita hakuja, walikadiria tu. Kuondoa shaka fundi akazima swichi kubwa, kile kisahani cha mita kikasimama tuli, kwa hivyo hakuna jirani aliyejiunganisha kati ya mita na hiyo swichi.

Ofisini kwa hao wa stima sasa ndio utachoka. Dirishani tukaambiwa lipeni kwanza halafu mlalamike, pesa za unga wa watoto bana! Tukakataa kwa adabu, tukaandika barua yenye namba ya akaunti, picha ya mita na tarehe yake, bili za miezi ya nyuma, na nakala yetu tukaigongesha muhuri, hapo msisahau kabisa manake barua isiyo na muhuri hupotea. Tukalipa kile tulichojua tumetumia. Tulipotaja kwamba tunaenda EPRA, ambao ndio wadhibiti wa kawi kwa sheria ya 2019, ghafla faili ikapatikana, bili ikashuka hadi elfu 11 na kitu.

Wenye vituo, madrasa na zahanati za misaada, kila mwisho wa mwezi pigeni picha ya mita kwa simu, ni bure. Na hao wa stima wakikadiria waandike kwa herufi za kuonekana, si kile kialama cha pembeni mwa bili, tena wasimkatie mtu huku malalamiko yake bado yako mezani kwao.

Mkazi wa Maweni,
Malindi