YAH: REDIO MLIYONIFUNGIA KUTOSHIKA STESHENI

Meneja,
Duka la Redio za Magari,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilinunua kwenu redio ya Android, na mafundi wenu wakaifunga kwenye gari yangu, Toyota Mark X iliyotoka Japani. Redio iliyokuja na gari ilikuwa ya masafa ya Kijapani, mwisho wake 90.0, kwa hiyo EFM kwenye 93.7 nilikuwa naisikia kwenye daladala tu. Hii mpya kioo chake kizuri, simu inaungana bila shida, hapo sina neno. Ila kazi ya kushika stesheni imeishinda tangu siku ya kwanza. Mjini inakwaruza, na nikishapita Mbezi kuelekea Kibaha nabaki na mvumo mtupu.

Niliporudi kwenu nikaambiwa antena ya gari imekufa, nikatajiwa bei ya antena mpya ya kubandika juu ya bodi. Hapo sikubaliani nanyi. Clouds iko 88.5, ndani ya masafa ya redio ya zamani, na siku nawaletea gari nilikuja nikiisikiliza njia nzima bila mkwaruzo wowote. Antena iliyoingia dukani ikiwa nzima imefaje mikononi mwenu?

Antena ya gari hii imechorwa kwenye kioo cha nyuma, na busta yake, yaani kifaa cha kukuza mawimbi ya antena, imejificha ndani ya nguzo ya nyuma. Busta hupata umeme kutoka kwenye redio. Redio ya kiwandani ilikuwa inaupeleka yenyewe. Hizi za madukani huutoa kwa waya wa bluu, na waya huo haujiungi wenyewe. Fundi umeme wa mtaani kwetu alifungua kifuniko cha nguzo, dashibodi hakuigusa, akapima kwa mita umeme unaofika kwenye busta huku redio imewashwa. Sifuri. Akaipa busta volti 12 kwa waya wa muda, na palepale Clouds na EFM zote zikasikika safi.

Alikuwa tayari kuumalizia huo waya wa bluu kwa hela ya soda. Nilimzuia, maana kadi yenu ya dhamana inasema dashibodi ikifunguliwa na fundi mwingine, dhamana imekwisha. Kwa hiyo kazi hii ni yenu.

Naomba mfungue dashibodi bila malipo, muunge waya wa bluu kwenye waya wa busta, tena kwa kuuchomelea, si kuuviringishia tepu, kisha mpime mbele yangu kabla ya kurudisha fremu. Mkishindwa, nirudishieni fedha ya redio pamoja na ya ufundi. Nawapa siku saba. Zikipita bila jibu, barua hii na nakala ya risiti nitazipeleka Tume ya Ushindani.

Antena ya kubandika sinunui.

Mteja wenu.