Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji: tupeni maktaba, mkutubi abaki

Ndugu Mkurugenzi,

Tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya Kata linasema kuanzia tarehe 1 Julai maktaba yetu ya umma itatoka mikononi mwa Halmashauri na kuwa chini ya usimamizi wa jamii. Tutachagua kamati kwenye mkutano wa hadhara, kamati itakabidhiwa funguo, na mkutubi atarudishwa makao makuu ya Halmashauri kupangiwa kazi nyingine. Nimetafuta kwenye tangazo hilo mstari unaosema nani atalipa umeme, nani atanunua vitabu na nani atakaa mle ndani Jumatatu hadi Jumamosi. Haupo. Ndiyo maana nakuandikia, tena hadharani, kwa sababu maktaba ile ni ya wengi.

Mimi ni fundi cherehani hapa sokoni kwetu, mkoani Dodoma. Nilisoma sekondari ukubwani, nikafanya Mtihani wa Maarifa, ule unaomruhusu asiyesoma shule ya kawaida kufanya mtihani wa Kidato cha Nne, na baadaye Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na vitabu nilivyosomea vilitoka kwenye jengo lile.

Niseme mapema kwamba siupingi usimamizi wa wananchi. Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na sisi tumekwisha kuanza bila kusubiri barua ya mtu. Uzio wa minyaa tuliupanda wenyewe. Mabati yaliyoezuliwa na upepo walirudishia vijana wa bodaboda. Kitabu kikikatika mgongo mkutubi hunipigia simu. Nakishona kwa uzi wa nailoni wanaotumia mafundi viatu, kisha yeye anabandika juu yake kipande cha khaki kilichobaki kwenye sare za shule ninazoshona. Ukiingia leo utaviona kwenye rafu, vitabu vyenye migongo ya khaki, na ukivifungua kurasa hazimwagiki. Kwa hiyo nia ipo na mikono ipo. Tupeni maktaba. Ombi langu ni moja, mkutubi asiondoke.

Wapo watakaokuambia mkutubi kazi yake ni kukaa mezani na kugonga muhuri wa tarehe. Basi tenga Jumamosi moja uje saa nne asubuhi ukae kwenye benchi la nyuma. Hivi karibuni nilikuwa pale alipoingia binti wa Kidato cha Pili, akaomba "kitabu cha umeme". Mkutubi hakukimbilia rafuni. Alimuuliza mwalimu amewapa swali gani. Binti akafungua daftari, na swali lilihusu msumari uliozungushiwa waya, unaosogeza sindano ya dira. Mkutubi akampa kitabu cha Fizikia cha Kiingereza, kile wanachokitumia darasani, halafu akainama rafu ya chini akampa na kitabu cha sayansi cha shule ya msingi, cha Kiswahili. "Anza na hiki kidogo," alimwambia. "Ukishaelewa sumaku inafanya nini, rudi kwenye hicho kikubwa." Binti aliondoka na vyote viwili.

Unaijua shida aliyokuwa akiitibu mkutubi pale. Mtoto wetu anasoma miaka saba kwa Kiswahili, anafika Kidato cha Kwanza anakuta kila somo limegeuka Kiingereza, na wengi wanakaa miaka minne wakikariri wasichokielewa. Mtu anayejua vitabu vya ngazi zote mbili, anayejua kipi kinamvusha mtoto kutoka lugha moja kwenda nyingine, hapatikani kwa kupigiwa kura mkutanoni. Huyu wetu alisomea kazi hiyo Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi, na ameifanya hapa mpaka anawafahamu wanafunzi kwa majina na kwa udhaifu wao. Ongeza na mabadiliko ya mitaala yaliyoanza kutekelezwa 2024. Lazima awepo mtu wa kukaa na rafu zile, atenganishe vitabu ambavyo bado vinafaa na ambavyo vitampoteza mtahiniwa, kisha aagize vipya. Mimi najua kushona mgongo wa kitabu. Kuamua kitabu kipi kibaki rafuni siwezi, na mjumbe wa kamati ambaye ni mkulima wa zabibu naye hawezi.

Tazama zahanati yetu. Ina kamati ya wananchi inayokaa vikao, inayojadili mapato na matumizi, na ina akaunti yake benki. Mganga na muuguzi wanalipwa mshahara na Serikali. Hajatokea mtu wa kupendekeza kwamba kwa kuwa kamati ipo, muuguzi aondoke na wajumbe wapeane zamu ya kuchoma sindano. Shule ya msingi nayo ina kamati ya shule, na walimu wamebaki kuwa watumishi wa umma. Huo ndio usimamizi wa jamii tunaoufahamu hapa: wananchi wanasimamia, mtaalamu anafanya kazi, Serikali inamlipa, na akilegea kamati inamsema. Kwa nini tukifika kwenye maktaba utaratibu huo ugeuzwe, mtaalamu atolewe na wananchi waambiwe wafanye kazi yake bure?

Nchi hii imewahi kujaribu maktaba za kujitolea, na wazee wa hapa wanazikumbuka. Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika kampeni ya kufuta ujinga zikafuata maktaba za vijiji. Zilikuwa kabati au chumba kimoja chenye vitabu vya kilimo bora, afya, siasa na hadithi, na aliyezitunza mara nyingi alikuwa mwalimu au mwanakijiji aliyeongezewa kazi hiyo juu ya shughuli zake. Lilikuwa wazo zuri sana, na waliojifunza kusoma wakati ule ndio wazazi waliotupeleka sisi shule. Lakini uchumi ulipobana miaka ya 1980, vitabu vipya vikakoma kuja, mtunzaji akahamishwa au akachoka, na kabati likafungwa. Nenda vijiji vya Bahi, Chamwino, Mpwapwa au Kongwa uulize lilipo kabati la vitabu la kijiji. Nia ya wanavijiji haikuwa imepungua. Walikosa mtu wa kudumu na walikosa vitabu.

Kwenye maji tumepita njia hiyohiyo, na hapa kwetu mkoa wa Dodoma maji hayasahauliki. Chini ya Sheria ya maji ya mwaka 2009 jumuiya za watumia maji zilikabidhiwa visima na pampu. Palipokuwa na fundi na mtunza hesabu mambo yalikwenda. Pasipokuwa nao, pampu ilikufa, na akina mama wakarudi korongoni kufukua mchanga. Mwaka 2019 Bunge likatunga sheria nyingine, RUWASA, wakala wa Serikali wa maji vijijini, ikaanzishwa, na vyombo vya jamii vikabaki lakini vikiwa na mamlaka ya kitaalamu nyuma yao na watendaji wenye sifa. Miaka kumi ya kujifunza ilitupeleka pale. Sioni sababu ya maktaba kuanzia mahali ambapo maji yaliondoka.

Kuna jambo la msimu pia, ambalo mtu wa ofisini anaweza asilifikirie. Mvua zetu ni za mara moja kwa mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili. Novemba watu wanaandaa mashamba na kusubiri mawingu. Mvua ikidondoka, mji huu unahamia shambani, kwenye mtama, uwele, karanga na alizeti. Novemba hiyohiyo ndiyo Kidato cha Nne wanafanya mtihani wa Taifa. Mjumbe anayejitolea atakuwa wapi siku ambayo mtahiniwa anahitaji mlango ufunguliwe? Atakuwa shambani, na hatakuwa na kosa, kwa sababu asipolima wanawe hawatakula.

Hapa kwenye fedha sitarefusha. Yapo ambayo tunaweza kuyabeba na tuko tayari kuyaandika kwenye mkataba: usafi, ulinzi wa usiku, ukarabati mdogo, kushona vitabu, hata umeme wa LUKU tukiweka mchango wa wafanyabiashara wa soko. Mshahara wa mtumishi hatuuwezi. Kamati ikilazimishwa kuutafuta itafanya kile ambacho kamati yoyote iliyobanwa hufanya, itaweka kiingilio. Watakuambia ni shilingi mia mbili tu. Mtoto anayekuja maktaba kwa sababu nyumbani hakuna taa wala meza ndiye asiyekuwa na mia mbili ya kila siku, na ndiye atakayekuwa wa kwanza kuacha kuja. Baada ya kiingilio kitafuata kukodisha chumba cha kusomea kwa vikao vya harusi. Baada ya hapo zitafuata fremu za maduka.

Nalitaja hili la fremu kwa makusudi, kwani kiwanja cha maktaba kiko barabarani. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma, na mji mkuu ukapewa hadhi ya Jiji mwaka 2018, bei ya ardhi imepanda mpaka huku kwetu pembezoni. Kiwanja ambacho zamani hakuna aliyekigeukia sasa kinapigiwa mahesabu. Simtuhumu mtu yeyote. Nasema tu kwamba kamati isiyo na fedha, iliyokalia kiwanja cha barabarani, itafuatwa na watu wenye fedha, na wajumbe watano hawapaswi kuachiwa majaribu hayo peke yao. Ardhi ibaki jina la Halmashauri kama eneo la huduma ya umma, na mkataba useme matumizi yake hayatabadilishwa bila mkutano wa hadhara na bila Baraza la Madiwani.

Nimesikia pia hoja kwamba hata Uingereza maktaba zinaendeshwa na wananchi. Ni kweli, baada ya 2010 serikali za mitaa za kule zilipopunguziwa fedha, maktaba nyingi zilifungwa na nyingine zikaachwa mikononi mwa watu wa kujitolea. Lakini Uingereza ina sheria ya maktaba ya mwaka 1964 inayoilazimisha mamlaka ya eneo kutoa huduma kamili ya maktaba, na mpaka leo watu wa huko wanabishana juu ya maktaba zipi zilizokabidhiwa bado zinahesabika kuwa sehemu ya wajibu huo na zipi zimetupwa nje. Wenye wastaafu wengi wenye pensheni, intaneti nyumbani na duka la vitabu mjini bado wanalalamika. Sisi wenye maktaba moja, mkutubi mmoja na duka la vifaa vya ofisini linalouza madaftari tusiuchukue mfano huo nusu.

Sheria yetu ipo nayo. Bodi ya Huduma za Maktaba ilianza kwa sheria ya mwaka 1963, ikaimarishwa kwa Sheria Namba 6 ya mwaka 1975, na imepewa jukumu la kuendeleza huduma za maktaba nchi nzima. Nakuomba kabla funguo hazijatolewa uiandikie Bodi, uiombe itume mtu aje aangalie rafu, ashauri muundo wa kamati, na muafikiane namna maktaba itakavyoendelea kupata vitabu. Kamati ya wananchi ikiwa na Bodi upande mmoja na Halmashauri upande mwingine itasimama. Ikiachwa na funguo tupu, itakuwa kabati la kijiji lingine.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, tunachotaka ni makabidhiano yaliyoandikwa. Mkutubi abaki mtumishi wa Halmashauri, alipwe kupitia Halmashauri, lakini kamati ndiyo impangie saa za kufungua na ipokee taarifa yake ya kila mwezi. Maktaba iwe na kifungu chake kwenye bajeti, hata kikiwa kidogo, kisomwe wazi kwenye Baraza kama vinavyosomwa vya zahanati. Kuingia kuwe bure kwa wanafunzi na kwa watu wazima. Kwenye kamati awepo mwanafunzi mmoja wa sekondari na mtu mmoja mwenye ulemavu, kwa sababu ngazi tatu za mlangoni zimemzuia mwenzetu mwenye kiti cha magurudumu asiingie mpaka abebwe, na hilo kamati inaweza kulimaliza kwa mifuko ya saruji na siku moja ya kazi. Baada ya miaka miwili tukae tena, tuangalie nini kimekwenda na nini kimekwama. Halmashauri ikiona tumeshindwa iwe na wajibu wa kuichukua maktaba tena, isije ikasema ilishatoka mikononi mwake.

Najua una madai mengi mezani. Kuna madarasa yanayosubiri kuezekwa, kuna barabara zinazokatika kila mvua. Mshahara wa mtu mmoja unaweza kuonekana kama mahali rahisi pa kupunguza, maana hakuna atakayeandamana siku hiyo hiyo. Wanaotumia maktaba ni wanafunzi wasiopiga kura, watu wazima wanaosoma kwa siri kwa sababu wanaona haya, na wazee wanaokuja kusoma gazeti. Naandika kwa niaba yao kwa sababu nimekuwa mmoja wao, na najua mlango ule ukifungwa hawatakuja ofisini kwako kudai.

Mkutano wa hadhara umeitishwa mwezi ujao. Tunaomba rasimu ya mkataba ifike kwa Mtendaji wa Kata siku kumi na nne kabla, kwa Kiswahili, ili tuisome na kuijadili mtaa kwa mtaa. Tunaomba uje mwenyewe, na kwenye mkutano huo utupe jibu juu ya mkutubi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi cherehani, msomaji wa maktaba

Nakala: Mwenyekiti wa Halmashauri, Diwani wa Kata, Mtendaji wa Kata