Risala ya Klabu ya Huduma ya Kwanza kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika siku ya klabu yetu, tukiomba utusikilize juu ya majeraha yanayotokea nyumbani, mahali ambapo kila mmoja wetu hudhani yuko salama.

Mheshimiwa, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 60, na kwamba kuungua huua wengine 180,000 hivi. Si wote hufia majumbani, lakini hesabu hiyo haiwagusi walionusurika wakabaki na makovu.

Tulichojifunza ni kwamba majeraha haya humfuata mtu kwa umri wake na kwa mahali anaposhinda. Mtoto anayesimama dede hushika kila kinachoning'inia, iwe mkono wa sufuria au ncha ya kitambaa cha meza, na kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba, maji ya moto humuunguza upesi na kwa kina kuliko mtu mzima. Huweza kuzama kimya kimya katika ndoo yenye maji ya sentimita chache tu. Akikuta mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda hunywa, maana ni nani aliyemwambia kuwa si soda? Wanawake huungua zaidi jikoni, ilhali wanaume huungua zaidi kazini. Mzee naye huteleza bafuni, na nyonga ikivunjika mara nyingi hatembei tena bila msaada.

Changamoto yetu kubwa, na tunaisema mbele ya wazazi wetu bila kuwakosea adabu, ni tiba za kubahatisha. Aliyeungua hupakwa dawa ya meno badala ya kumiminiwa maji ya bomba yenye ubaridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Aliyekunywa mafuta ya taa hulazimishwa kutapika, na kutapika huko ndiko huyapeleka mapafuni.

Kwa hiyo tunakuomba utusaidie kupata mkufunzi atakayewafundisha wazazi pamoja nasi, pia sanamu ya kujifunzia uokoaji, kwani hadi leo tunafanyia mazoezi mto wa kulalia uliofungwa kamba.

Tunaomba kuwasilisha.